Waziri Mkuu Kwenye Kikao cha Harusi

Katika maisha yangu nimemwogesha Waziri Mkuu mmoja tu. Siku ya kwanza alilalamika maji ni ya moto, siku ya pili akalalamika ni ya baridi, siku ya tatu nikampa bomba achanganye mwenyewe. Akachanganya, yakawa vilevile kama ya siku ya pili, akasema sasa yako sawa. Nayaandika haya kwa ajili yenu wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kulea wazee huku Virginia na Maryland mkidhani kazi hii ni mikono. Mikono ipo, na magoti yapo. Yangu niliyaacha kwenye mazulia ya watu. Lakini sehemu kubwa ni siasa, na siasa nilifundishwa na mtu aliyeifanya kwelikweli.

Mishahara na vyeo sitavigusa. Vyeo kwetu ni viwili tu: aliyefika zamu na anayesema yuko njiani.

Nilikuja Marekani kutoka Morogoro, ambako nilikuwa nauza vitenge sokoni. Mzee wangu wa kwanza aliishi kule Shaw, mjini Washington, kwenye zile nyumba zilizobanana, mtu mrefu aliyewahi kupiga tarumbeta. Kampuni iliniweka chini ya Mama Bea, Mkongo, mwanamke mpana mwenye sauti ya kanisani, anifundishe. Asubuhi ile nikaambiwa nimtoe mzee kitandani nimkalishe kwenye kiti. Nikajifunga khanga kiunoni, nikamkumbatia, nikamnyanyua kama nilivyokuwa nanyanyua robota la vitenge. Robota halina miguu. Mzee alikuwa nayo, mirefu, na yote ikaenda anakotaka yeye. Tukaangukia kochi wote wawili, mimi chini, yeye juu akicheka, anauliza kama mimi ndiye mwalimu mpya wa dansi.

Mama Bea hakucheka. Alisubiri nitoke chini ya mzee, akanivalisha ule mkanda mpana wa kitambaa ambao mgonjwa hufungwa kiunoni ili mtu awe na pa kumshikia, akaufunga kwangu mimi, akanikalisha. Kisha akaniambia, "Muzee habebwi, Mama. Yeye mwenyewe atasimama. Weye unamukumbusha tu njia, bon." Akaweka vidole viwili kwenye mkanda, akaniambia nisogeze miguu nyuma, niinamishe kifua mbele. Nikajikuta nimesimama. Hakuninyanyua hata kidogo, na mimi nilikuwa nimeshiba chapati.

Maneno hayo nilitembea nayo kwenye nyumba zote nilizofanyia kazi. Kwenye mkoba wangu mlikuwa na mkanda wangu mwenyewe, kopo la mafuta ya mgando, soksi za akiba, na taulo mbili. Taulo moja ni ya kukaushia. Ya pili unaitia kwenye mashine ya kukausha nguo wakati mzee anaoga, akitoka unamfunika nayo ikiwa ya moto. Hapo hata aliyekutukana tangu asubuhi atanyamaza. Nilikuwa na mwanajeshi mstaafu aliyekuwa anaficha meno yake ya bandia kila siku ili nisimlishe uji. Siku moja niliyakuta kwenye buti lake la gwaride. Huyo naye taulo ya moto ilimlainisha, akaanza kuniambia mwenyewe alikoyaficha, ila baada ya saa ya uji kupita.

Basi miaka ikaenda, nikapelekwa Alexandria ya huku Virginia, upande wa magharibi, kwenye jengo refu la nyumba za kupanga, kwa bibi wa miaka themanini na kitu. Karatasi ya kampuni ilisema mgonjwa ana nyonga mbovu na anapenda kubishana. Haikusema kwamba aliwahi kuwa Waziri Mkuu wa nchi moja ndogo ya Ulaya, nchi ya samaki, mbao na mvua. Jina la nchi naliacha. Wale watu wana kumbukumbu ndefu, na siku moja naweza kutaka viza.

Niliambiwa na mwanawe, Tomas, mkaguzi wa majengo huku Virginia, mtu mpole anayeangalia dari kabla ya kukusalimia. Baba yake alipata kazi Washington baada ya mama kuondoka madarakani, wakahamia huku, baba akafariki huku, mama akabaki. Nikauliza, sasa nimwiteje? Tomas akasema nimwite kwa jina lake. Mimi nimwite mtu aliyeongoza nchi kwa jina lake, kama tumecheza rede pamoja? Nikamwita Mheshimiwa. Akauliza maana yake. Nikamwambia ni mtu anayestahili heshima, ndivyo tunavyowaita wabunge na mawaziri kwetu. Akafikiri kidogo akasema, "Kwetu waliniita majina mengine." Kwa Kiingereza, bila shaka, lakini mimi namkumbuka kwa Kiswahili na nitamwandika hivyohivyo.

Kila jioni kabla sijaondoka nilimpaka mafuta miguuni, na hapo ndipo nilipopata maisha yake. Mguu wa kushoto ulikuwa wa utoto. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na yeye alikuwa anasambaza mikate kwa baiskeli, anaingilia mlango wa nyuma, kwa hiyo akajua jiko la kila nyumba: nani anakula siagi, nani anakula mkate mkavu na kujifanya anapenda. Alipogombea udiwani hakuhutubia. Alipita milango ileile ya nyuma. Mguu wa kulia ulikuwa wa serikali: ubunge, uwaziri wa barabara, kisha uwaziri mkuu, akiongoza vyama vinne ambavyo havikuweza kukubaliana hata saa ya chakula cha mchana. Alinionyesha picha moja, amesimama na wanaume kumi na kitu, wote wametazama pembeni. Akasema, "Hapo walikuwa wananiunga mkono."

Lakini namna alivyoanguka hakuniambia. Nikifika kisigino cha mguu wa kulia nikauliza, na ilikuwaje ukatoka, alikuwa anavuta mguu na kusema amechoka. Nikaacha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kisha akaanguka kweli. Aliteleza jikoni kwenye kijizulia chake cha maua siku ambayo mimi sikuwa zamu. Hakuvunjika, lakini alikaa sakafuni mpaka jirani aliposikia, na Tomas alipofika akamkuta anaongea na miguu ya meza. Baada ya hapo Tomas hakulala usingizi. Akaleta kijitabu chenye picha za makao ya wazee: bustani, bwawa la samaki, wazee wenye meno mazuri wakicheka na bakuli la saladi. Akamwambia mama yake kwamba dada yake Karin atakuja kutoka Ulaya wiki mbili zijazo, watakaa watatu, wataamua.

Mheshimiwa alisubiri atoke ndipo akaniita.

"Tuko watatu," akasema. "Tomas anataka niende. Karin anaogopa, atamfuata kaka yake. Nimeshindwa kura mbili kwa moja kabla ya kikao kuanza." Akatazama dirisha lake, ambalo halina cha maana, linaangalia maegesho na kituo cha basi. "Mama Faraja, hapa nawajua madereva wote wa basi kwa nywele zao. Nikipelekwa kule nitakufa kwa adabu."

Nilisikia uchungu. Nilishapeleka wazee kwenye makao mazuri, wakapona huko wakanenepa, sisemi makao ni mabaya. Lakini wapo wanaokwenda wakiwa hawajataka, na hao nimewaona: wanakaa na koti wamelivaa, wakingoja basi lisilopita. Mimi ni mlezi, si mtoto wake, na kwenye kura yao sihesabiwi.

Sasa Jumamosi iliyofuata palikuwa na kikao cha kamati ya harusi ya binti yangu Faraja. Faraja amezaliwa huku, Kiswahili anakielewa chote mpaka matusi, lakini anajibu kwa Kiingereza. Alikuwa amempata kijana wa Kikenya, Kamau, familia yao ya Nyeri, na vikao tulikuwa tunafanyia Adelphi, upande wa Maryland, kwenye ukumbi mdogo wa pale ninapoishi. Mwenzangu wa zamu ya Jumamosi akapiga simu kwamba yuko njiani, na mnajua maana yake. Nikampigia Tomas, nikamwambia ama mama yako aende nami Adelphi ama binti yangu aolewe bila mama. Akasema mpeleke tu, atachangamka. Mheshimiwa aliposikia neno "kamati" akaomba nimtafutie hereni.

Alipoingia ukumbini watu walisimama, maana nilishawaambia ni nani. Mzee Kibwana, mwenyekiti wetu, dereva wa teksi ambaye zamani aliendesha mabalozi, akampa kiti cha mbele na sahani ya sambusa akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Faraja akakaa ubavuni pake amtafsirie.

Siku hiyo tulikwama kwenye chakula. Upande wetu tulikuwa tumepanga pilau, kuku, na ndizi za nyama. Mzee Gitau, mjomba wake Kamau, akasimama bila kuondoa koti. Mtu huyu ana kifua, na alikuwa amekuja kubisha tangu kikao cha kwanza: alibisha ukumbi, alibisha rangi ya vitambaa, alibisha hata sala ya kufungua kwamba ilikuwa refu.

"Mimi naongea ukweli," akasema. "Hiyo pilau yenu ni tamu, siwezi kataa. Lakini nyama iko wapi? Mnakata nyama vipande vidogo utadhani mnatafuta pete ilipotea ndani. Watu wangu wametoka mbali. Wakikula mchele tu, wataenda kusema walikuwa matanga, si harusi. Mbuzi achomwe."

Shangazi zangu wakaanza. Mmoja akasema mbuzi wa kuchoma ni wa baa. Mwingine akasema kama wanataka nyama kubwa walete meno makubwa. Kelele zikapanda, Kamau ameinamisha kichwa, Faraja ameacha kutafsiri kwa sababu ya aibu.

Hapo Mheshimiwa akanyoosha mkono. Mzee Kibwana, kwa adabu, akampa nafasi. Akasimama, nami nyuma yake na vidole viwili kwenye mkanda, akasema sentensi moja tu, Faraja akajikaza akaitafsiri kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo: kwa nini msipige kura?

Watu wakageuka kumtazama. Nyie mmekulia kwenye vikao, mnajua. Kwenye kikao cha harusi mtu hapigi kura. Mnaongea, mnachoka, mnakunywa soda, mnaongea tena, mpaka mwenyekiti aone watu wameanza kutafuta makoti, aseme "tumekubaliana," na iwe hivyo hata kwa aliyekuwa msalani. Ukipiga kura unapata mshindi, na mshindi wa nini, watu wanaokwenda kuwa ndugu? Nikaona macho ya Mzee Gitau yanazunguka ukumbi. Anahesabu. Sisi tulikuwa wengi, wao walikuwa benchi moja.

"Kama ni kura," akasema polepole, "basi sisi tulishindwa tukiwa bado kwa nyumba." Akafunga vifungo vya koti. "Kamau, twende."

Kamau akamtazama Faraja. Mwanangu alikuwa ameshika sambusa, ameisaga mkononi yote na hajui. Nilimwona mjomba yule anatoka mlangoni, na harusi nzima nyuma yake.

Mzee Kibwana hakupandisha sauti. Akasema, "Mzee Gitau, hapa hakuna kura. Mgeni wetu ametania." Kisha akafungua chupa ya maji taratibu, kana kwamba ana siku nzima. "Ila umesema jambo. Humu ndani kuna mtu anayejua nyama kukushinda?"

Mzee Gitau akasimama na mkono kwenye kitasa. "Nyama naijua," akasema.

"Basi sisi tulikosea tangu mwanzo. Kamati ndogo ya chakula haina mwenyekiti, na mwenyekiti amesimama mlangoni. Utusaidie, mzee. Chakula chote kiwe chini yako. Na pilau pia, maana wapishi wa pilau wanahitaji mtu wa kuwasimamia."

Ukumbi mzima tukapiga makofi kabla hajajibu. Hiyo ndiyo mbinu, wadogo zangu: makofi yatangulie. Mzee Gitau akarudi, akavua koti kwa mara ya kwanza tangu vikao vianze, akalitundika kwenye kiti. Ndani ya muda wa soda moja alikuwa anauliza sufuria za pilau ziko ngapi na nani atachochea moto. Shangazi mmoja wa kwao akajaribu kuuliza mchele wenyewe ni wa aina gani, akamkata: "Wewe wachana na pilau. Hiyo pilau iko na mwenyewe." Mzee Kibwana akafunga daftari, akasema, "Tumekubaliana."

Kwenye gari Mheshimiwa aligeukia dirisha. Tukashuka University Boulevard, tukaingia barabara ya mzunguko, tukavuka mto. Nikadhani ameumia kwa sababu kura yake ilikataliwa, nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza. Mara akasema, "Palikuwa na mtu wa mbao."

Ndipo nikapata kile kisigino. Mtu wa mbao alikuwa mbunge wa chama chake mwenyewe, mwenye kiwanda cha kupasua mbao, mwenye sauti kama ya mashine yake. Kila mkutano alibisha. Barabara alibisha, bandari alibisha, akabisha hata rangi ya stempu. Mheshimiwa alipopanga serikali alimwacha nje kwa makusudi, ili yeye apumzike masikio. Mtu akakaa benchi la nyuma na koti lake. Siku alipochoshwa na kelele, Mheshimiwa akaita kura bungeni: mnanitaka au hamnitaki. Alikuwa ameshahesabu, alijua atashinda. Akashindwa kwa kura moja, ya mtu wa mbao.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia, nikamtafsiria.

Akatikisa kichwa. "Hapana. Hakutaka kunila. Alipita ofisini kwangu mara nyingi akiongea habari za madaraja, kwamba nguzo za mbao zetu zinaoza. Na alikuwa sahihi. Nilidhani anabisha. Alikuwa anaomba kazi." Akafuta pua na kitambaa cha karatasi cha ukumbini, bado kina mafuta ya sambusa. "Mzee wenu wa teksi angekuwa waziri wangu, ningekaa madarakani mpaka leo."

"Ungekaa mpaka leo, mimi nisingekuogesha."

"Maji yako ni ya baridi," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Kutoka siku hiyo alianza kujiandaa kwa kikao cha watoto wake, na mimi nikawa mshauri wa serikali. Nikamwambia mambo matatu niliyoyaona kwenye kamati za harusi zote. Kwanza, watu walishwe kabla ya kuongea. Pili, usimjibu anayebisha, mkubalie. Tatu, kabla hajakaa vizuri kwenye kiti cha kukubaliwa, mpe kazi. Akauliza, na akikataa kazi? Nikamwambia sijamwona mtu anayekataa uenyekiti.

Jumapili ya kikao chao nilipika chai ya maziwa na tangawizi, nikachoma maandazi mpaka Karin, aliyetoka uwanja wa ndege na uso wa mapambano, akavua viatu. Tomas akatoa kijitabu chake cha bwawa la samaki, akaeleza vizuri, kwa huruma, mtoto mwema yule, sauti inamkwama. Karin akasema naye ana hofu, kule mbali kila simu ikilia anadhani ni msiba. Kisha wote wawili wakamtazama mama yao.

Nikaona mdomo wa Mheshimiwa unafunguka kwa namna ambayo siijui. Kidevu kimepanda, mkono umeanza kunyooka. Mazoea mabaya. Alikuwa anataka kuita kura. Nilikuwa namimina chai, nikaendelea kumimina, kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, ikashuka mezani mpaka kwenye kile kijitabu. Tukahangaika na vitambaa. Nilipoinama kupangusa nikambana kidole cha mguu. Alipokaa tena, kidevu kilikuwa kimeshuka.

"Mko sahihi," akasema.

Watoto wakatazamana. Nadhani walikuwa hawajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Nilianguka, na nitaanguka tena nyumba hii ikibaki hivi. Ina hatari ambazo mimi sizioni. Ni nani kati yetu anayejua majengo?"

Tomas akajibu kwamba yeye, bila shaka.

"Basi tumekosea. Mkaguzi wa majengo tunaye, na hajawahi kukagua hapa. Utusaidie, Tomas. Jiko, bafu, sakafu, vyote viwe chini yako. Ukisema kitu kitoke, kitatoka."

Mimi nikapiga makofi. Peke yangu, ndiyo, lakini nilipiga.

Tomas akatazama dari. Kisha akatazama ukuta wa bafuni, akaenda kuugonga. Tukasikia anagonga, anarudi kwenye gari, anakuja na utepe wa kupimia. Kijizulia cha maua kilitoka siku hiyohiyo, na Mheshimiwa, aliyekileta kutoka kwao, akakitazama kinakwenda. Hiyo ilikuwa bei yake, na aliilipa kimya.

Karin hakuwa mjinga. "Mama," akasema, "unafanya siasa."

"Ndiyo. Na nahitaji waziri wa mambo ya nje. Mtu wa kunipigia kila asubuhi anione kwa macho kwenye simu, na akiona siko sawa awe na mamlaka ya kumwamsha Tomas hata saa gani."

Karin akanitazama mimi. Mimi nikatazama birika. Machozi yakamtoka Karin, akasema, "Saa mbili asubuhi ya kwenu. Na usiniambie umelala."

Wakati wanavaa makoti Mheshimiwa akasema kwa Kiswahili, neno pekee alilotoka nalo Adelphi, "Tumekubaliana." Mwezi uliofuata jirani alimwuliza Tomas kwenye lifti kama mama asingekuwa salama zaidi kwenye makao. Nilikuwepo. Tomas alimweleza habari za vyuma vya kushikia alivyofunga mwenyewe mpaka yule jirani akashukia ghorofa isiyo yake.

Harusi ilifanyika, mbuzi alichomwa, na Mzee Gitau alisimama mlangoni mwa jiko kuwaambia Wakenya wenzake kwamba asiyeonja pilau asiseme amekuja harusi. Mheshimiwa alikaa meza ya wazazi.

Niliendelea naye miaka mingine kadhaa, mpaka magoti yangu yalipoanza kuongea kwa sauti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nikiinama ilibidi mgonjwa aninyanyue. Kampuni ikamleta Chebet, msichana wa Eldoret, ajifunze achukue nafasi yangu. Nikabisha. Sikubisha kwa upole. Nilisema Chebet anakausha mtu kwa taulo baridi, anamvuta mzee badala ya kumsubiri, anavaa viatu vya kelele. Nilisema watoto wa siku hizi hawajui kitu. Nilisema sistaafu mpaka apatikane anayefaa, na nikakaa kwenye kiti changu na koti nimelivaa.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Kila asubuhi kwa miaka mingi palikuwa na mtu anayenisubiri ili asimame. Nikawa najiuliza nitaamka niende wapi.

Mheshimiwa akaniita kwa chai. Nikamkuta Tomas, Karin yuko kwenye simu iliyoegemezwa kwenye sukari, Chebet ameketi pembeni, na maandazi mezani, mabaya, kapika Tomas. Nikala mawili. Ilinipasa nishtuke hapo, lakini nilikuwa na hasira. Nikaeleza makosa yote ya Chebet kuanzia taulo. Hakuna aliyenikatiza.

"Uko sahihi," Mheshimiwa akasema. "Hawajui. Ni nani humu anayejua?"

"Mimi," nikasema. "Taulo, mkanda, yote. Mama Bea alinifundisha mimi."

"Basi sisi tumekosea, tunakuacha unapiga magoti wakati una kichwa. Utusaidie, Mama Faraja. Chebet awe chini yako. Uje kila Jumanne, ukae kwenye kiti, umwelekeze, usiiname. Na yote unayoyajua uyaandike, wengine nao wasome."

Wakapiga makofi, mpaka Karin kwenye sukari. Nami nikasema sawa, nikavua koti.

Nilikuwa nimeshaanza kumweleza Chebet habari za taulo ya pili ndipo nikahisi kitu mgongoni, kama vidole viwili kwenye mkanda. Nikageuka. Bibi wa miaka karibu tisini amekaa dirishani, anachovya andazi baya kwenye chai.

"Mheshimiwa," nikasema, "umenifanyia kikao."

"Siku nilipotoka ofisini," akasema, "walinibebea masanduku mpaka kwenye gari, wakafunga mlango, na kesho yake hakuna aliyeniuliza chochote. Nilikaa jikoni nimevaa suti. Wewe sitakutoa hivyo."

Nikachukua birika nimwongezee chai. Yeye akasogeza kikombe, akatazama basi linaingia kituoni, akanitamkia lile neno lake moja la Kiswahili, alilotoka nalo Adelphi.